Trei ya mchanga inaonyesha kubeba tu, kuvunja je?

Swali: Nafundisha watoto wa miaka 9 mpaka 11. Kwenye mada ya jinsi ardhi inavyobadilika nilifanya lile jaribio la trei, unaweka mchanga, unainua upande mmoja, unamwaga maji, mchanga unakatika mfereji. Watoto walifurahi sana. Wiki iliyofuata nikawaonyesha picha ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani, nikauliza limetokeaje, nusu wakasema tetemeko, wengine mafuriko makubwa ya siku moja, na mmoja akaniambia "mwalimu jiwe sio mchanga, maji hayawezi kukata jiwe". Sikuwa na jibu la maana. Nifundishe vipi waelewe, na sina maabara?

Jibu: Mwalimu, huyo aliyekwambia jiwe sio mchanga mpe zawadi kabisa, maana ndo pekee aliyeangalia vizuri kilichokuwa kwenye trei. Mchanga ni jiwe lililokwisha kuvunjwa, yaani nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika kabla hujamwaga hata tone moja. Trei inaonyesha kubeba, haionyeshi kuvunja. Afu kwa kuwa mchanga ni laini na maji ni mengi kila kitu kinaisha ndani ya dakika mbili, kwa hiyo mtoto anayesema Grand Canyon ni mafuriko ya siku moja hajashindwa kuelewa jaribio, amelielewa vizuri tu, jaribio lenyewe ndo lilimwambia hivyo.

Trei usiitupe. Ila isiwe ya kwanza. Kwenye mada hii kuna kazi mbili tofauti na vitabu vingi vinazikorogea pamoja: kuna kuchakaa kwa mwamba, yaani mwamba unapasuka, unamong'onyoka au unaoza hapohapo ulipo bila kwenda popote, na kuna mmomonyoko, yaani maji, upepo, barafu au mteremko wenyewe unavichukua vile vipande na kuondoka navyo. Na mwisho wa safari vinatua mahali. Mtoto akishaweza kuuliza "nani alivunja, nani alibeba, vimeenda wapi" umemaliza sehemu kubwa ya mada, majina atayashika tu baadae.

Mimi ningeanza na swali moja dogo: huu mchanga ulitoka wapi? Mpe kila mtoto mchanga kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe pamoja na lenzi ya mkono, kama lenzi hamna kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha kabisa. Waambie watenganishe punje kwa ncha ya penseli kufuata rangi. Watapata za kupitisha mwanga, za pinki au nyeupe ya maziwa, nyeusi, na vipande vya magamba kama mchanga ni wa pwani. Wakishapanga mafungu yao weka pembeni kipande cha graniti, jiwe lile la madoadoa ambalo hata kokoto za ujenzi mara nyingi huwa nalo, na usiseme kitu. Nyamaza tu. Kuna mmoja ataanza kupiga kelele kwamba zile rangi ni zilezile ila kwenye jiwe zimeshikana.

Hapo sasa ndo unaeleza. Graniti imejengwa hasa na madini matatu, kwatzi, feldispa na maika. Maji ya mvua yakishapenya kwenye vijinyufa yanaigeuza feldispa taratibu mno kuwa udongo wa mfinyanzi, lakini kwatzi ni ngumu na haijali sana maji, kwa hiyo jirani yake akishaoza kwatzi inabaki haina kilichoishikilia inadondoka punje punje. Jiwe moja limetoa mfinyanzi na limetoa mchanga. Ndo maana fukwe nyingi duniani mchanga wake umejaa kwatzi, ndo iliyovumilia safari. Mimi napenda sana kuanzia hapa kwa sababu mtoto anashika mkononi kitu ambacho kilikuwa mlima.

Jaribio la kuvunja halihitaji maabara. Chukua tofali la kuchoma lililovunjika, livunjevunje vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole, chagua vyenye kona kali. Vigawe mafungu mawili. Fungu moja liweke pembeni, hilo haliguswi, na hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani maana bila la kulinganisha watoto watasahau vilikuwaje mwanzo. Fungu la pili vipande vyake vipimwe uzito kwanza vikiwa vikavu, viingie kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, maji mpaka nusu, funga, watoto wapokezane kutikisa kwa nguvu kila mmoja mara hamsini. Mwaga kupitia kitambaa cheupe. Maji yametoka mekundu, kwenye kitambaa kuna unga na vipunje, na vipande vimeanza kupoteza kona. Viache vikauke vizuri (kwenye jua, siku mbili hivi kutegemea na hali ya hewa, tofali linanyonya maji sana usipime likiwa bichi) afu pima tena. Uzito umepungua. Umeenda wapi? Uko kwenye kitambaa na kwenye yale maji mekundu, na hicho ndicho kiwanda cha mchanga na tope cha mto wowote ule.

Usiondoke hapo haraka, kuna jambo tamu kwenye zile kona. Waulize kwa nini kona ndo zimeisha kwanza na sio katikati ya ubapa. Washike kipande waone: ubapa unashambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, kona kutoka pande tatu. Kwa hiyo kona lazima iishe mapema na kitu kinaelekea kuwa duara. Hii hesabu ndogo inaeleza kokoto za mtoni, na inaeleza pia mawe makubwa ya mviringo ambayo hayajawahi kuviringika popote, kama yale ya graniti ya Mwanza au ya Dartmoor kule Uingereza. Yale yalianzia chini ya ardhi, maji yakapita kwenye nyufa zilizokatana yakawa yanaozesha mwamba kuanzia kwenye kona, afu baadae sana mmomonyoko ukaondoa ule udongo uliooza na mawe yakabaki juu yamesimama. Kuvunja kulitangulia, kubeba kukafuata, kwenye picha moja.

Kuoza kwa jiwe kwa kemikali watu wengi wanafundisha kwa siki na chaki, na hapa naomba uwe makini maana ndo jaribio linaloaibisha walimu. Chaki nyingi za ubaoni siku hizi zimetengenezwa kwa jasi, na jasi ukiitia siki haifanyi lolote la maana, unabaki umesimama mbele ya watoto arobaini mnaangalia chaki iliyolowa. Tumia ganda la yai au magamba ya viumbe wa baharini, hayo ni kalisiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa. Yatatoa mapovu papo hapo na ganda la yai likilala kwenye siki usiku mzima asubuhi limelainika. Waambie ukweli kwamba mvua sio siki. Mvua ya kawaida inachukua kabonidioksaidi hewani inakuwa asidi hafifu sana, pH yake (kipimo cha asidi) kama 5.6 hivi, ila inanyesha mwaka baada ya mwaka kwa maelfu na maelfu ya miaka, na hiyo ndo iliyochimba mapango ya mawe ya chokaa duniani kote.

Barafu kama mna friza ni rahisi: chupa ya plastiki ijazwe maji mpaka juu kabisa ifungwe igande. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 kwa hiyo chupa itavimba au itapasuka. Chupa ya kioo hapana, tafadhali. Sehemu za baridi maji yanaingia kwenye ufa mchana, yanaganda usiku, yanausukuma ufa, yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi, mchezo uleule tena na tena. Huna friza, koroga plasta ya Paris, fukia mbegu kavu ndani yake kabla haijakauka, zikinyonya unyevu na kuvimba zitaipasua, hapo unaongelea mizizi. Mahali penye joto na mvua nyingi kazi kubwa inafanywa na kemikali kuliko barafu, ndo maana huko udongo uliooza unaweza kwenda chini makumi ya mita, na wekundu wake ni chuma kilichopata kutu.

Sasa turudi kwa yule bingwa wako aliyesema maji hayawezi kukata jiwe. Yuko sahihi kiasi fulani: maji matupu, masafi, yanayopita juu ya mwamba mgumu yanafanya kazi ndogo sana. Kinachokata ni mzigo. Mto unaburuta mchanga, kokoto, hadi mawe makubwa wakati wa mafuriko, na hivyo ndo vinavyosugua kitanda cha mto kama msasa. Ushahidi upo, kwenye mito mingi yenye mwamba kiangazi unakuta mashimo ya duara yamechimbwa kwenye jiwe zima, na ukiingiza mkono ndani mara nyingi unakuta kokoto za mviringo zimelala chini. Kokoto zilizungushwa na maji humo humo shimoni msimu hadi msimu, zikachimba shimo na zenyewe zikaisha kona. Kama hamna mto karibu tafuta picha, ila usimwambie mtoto kitu kabla hajakisia shimo limechimbwa na nani.

Afu ndo uilete Grand Canyon, na safari hii na namba. Kina chake kinazidi kilomita 1.6, urefu kama kilomita 446, na mto Colorado umelichimba sehemu kubwa katika miaka milioni 5 hadi 6 iliyopita. Piga hesabu na watoto: milimita 1,600,000 gawanya kwa miaka 6,000,000 unapata kama milimita 0.27 kwa mwaka. Hiyo ni wastani, kiuhalisia kuna vipindi mto ulikata haraka na vipindi haukukata kitu, lakini kwa kupata picha inatosha. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo mwaka mmoja ni chini ya karatasi tatu. Rimu nzima ya karatasi 500 ina kimo cha sentimita 5, hiyo ni karibu miaka 190. Waulize rimu ngapi zinafika darini, na darini pana miaka mingapi, waachie waende nyumbani nayo. Nimeona mtoto akishapiga hii hesabu kwa mkono wake habari ya mafuriko ya siku moja anaiacha mwenyewe, hakuna haja ya kubishana naye.

Kuna swali lingine kwenye hiyohiyo picha ambalo walimu wengi wanalipita, na kwangu ndo swali zuri kuliko yote. Korongo lile lina upana wa wastani kama kilomita 16, na pengine linafika karibu 29. Mto wenyewe una upana wa wastani wa mita 90 hivi. Sasa mto wa mita 90 umechimbaje shimo la kilomita 16? Waache wabishane. Jibu ni kwamba haukuchimba peke yake. Mto ulikwenda chini, ila kuta za pembeni zilipanuliwa na kuchakaa: barafu kwenye nyufa, mvua, mawe kudondoka, vijito vidogo vya pembeni, na mto kazi yake ikawa kuondoa takataka zinazoanguka. Mto ungefanya kazi peke yake tungekuwa na mfereji mwembamba wenye kuta zilizosimama wima. Tazameni picha tena, mtaona miamba migumu imesimama kama ngazi na ile laini imelala mteremko, kila tabaka linachakaa kwa kasi yake.

Ukishafika hapo trei yako itakuwa na maana, ila ibadilishe kidogo. Usiweke mchanga mtupu. Gawa trei sehemu tatu, mchanga, mfinyanzi ulioshindiliwa, na kokoto, watoto waandike utabiri wao nani atabebwa kwanza. Wengi watasema mfinyanzi kwa sababu punje zake ni ndogo kuliko zote, na watashangaa maana mchanga ndo unaoondoka kirahisi, mfinyanzi umeshikana na kokoto ni nzito. Afu tumia chupa iliyotobolewa matundu kwenye kifuniko badala ya kumwaga kwa jagi, ili wapate mvua na sio bomba. Panga sarafu chache juu ya udongo uliochanganyika na mchanga kabla ya kunyeshea. Baada ya muda kila sarafu itakuwa imesimama juu ya kijinguzo chake cha udongo, kwa sababu pale chini ya sarafu matone hayakufika. Hiki kitu kidogo kinafundisha kwamba tone la mvua lenyewe ni nyundo, mmomonyoko hauanzi pale maji yanapotiririka, unaanza tone linapogonga. Trei ya pili funika udongo kwa majani makavu, nyeshea kiasi kilekile, linganisha rangi ya maji yanayotoka.

Jaribio la kutua kuliandaa ni dakika chache tu: udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, weka chini. Kokoto na mchanga vinakaa chini mara moja, tope linachukua masaa, na maji yanaweza kubaki na ukungu siku kadhaa kwa ajili ya mfinyanzi. Tabaka zinaonekana. Kwenye mto ni hivyohivyo, maji yakipunguza mwendo vizito vinashuka kwanza.

Mkipata nafasi ya kutoka nje baada ya mvua msiende mbali. Angalieni ukuta chini kabisa unapokutana na ardhi tupu, kuna madoa ya udongo yameruka juu, wapime yamefika sentimita ngapi, afu wapime ukuta ulio juu ya nyasi. Angalieni ngazi za zamani zilivyobonyea katikati. Na kama kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe na yana tarehe hapo una saa ya bure: herufi zilizochongwa kwenye marumaru zinafifia mapema kuliko za graniti ya umri uleule, na watoto wanaweza kueleza sababu kama walifanya lile la ganda la yai.

Kitu kimoja cha tahadhari kuhusu hili neno "taratibu". Ukilisema sana watoto wanadhani kila siku mlima unapungua kidogo kidogo bila kelele. Sio hivyo. Nyufa zinaongezeka taratibu lakini kuanguka ni mara moja. Kule New Hampshire, Marekani, kulikuwa na mwamba wenye umbo la uso wa mzee, maarufu kiasi kwamba watu walijaribu kuufunga kwa vyuma na saruji wazuie nyufa, na tarehe 3 Mei 2003 ulikutwa umeporomoka. Lile tao la baharini la Malta, Azure Window, lilianguka kwenye dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Picha za kabla na baada zipo nyingi mtandaoni, ziweke sambamba na uwaulize kama kazi ilifanyika siku ile au kabla yake.

Afu usifundishe mmomonyoko kama adui tu, vitabu vya shule vinapenda sana hivyo. Ndiyo, udongo wa shamba ukiondoka ni hasara kubwa, sentimita chache zinachukua mamia ya miaka kutengenezwa, na Marekani miaka ya 1930 waliona vumbi la mashamba yao likifunika anga. Lakini udongo wenyewe unatokana na mwamba kuchakaa, na delta zote zenye rutuba ni mizigo ya mito iliyotua. Olduvai isingekuwa na jina kama mmomonyoko usingekata bonde la kina cha mita 90 kupita kwenye tabaka za majivu ya volkano na matope ya ziwa la kale, ndo yakafunuka yale mafuvu ya jamii ya binadamu wa kale, likiwemo lile aliloliona mtafiti Mary Leakey mwaka 1959.

Lazima kuna mtoto atauliza kama milima itaisha. Mwambie ingeisha kama hakuna kinachoinua. Himalaya inamomonyoka kila siku na bado inasukumwa juu kwa sababu mabamba mawili ya dunia yanagongana pale, na kileleni kwa Everest kuna mawe ya chokaa yaliyoanzia chini ya bahari. Kama ana hamu zaidi mwambie kuhusu Mwezi, kule hakuna hewa wala mvua, nyayo za wanaanga wa 1969 ziko palepale.

Kwenye kupima usiulize maana ya maneno. Wape picha moja wasiyoijua, ufuo wenye mnara wa jiwe umesimama peke yake majini inafaa sana, na maswali yale matatu: nani alivunja, nani alibeba, vimeenda wapi. Mtoto akiandika "maji" kwenye yote matatu bado hajatenganisha, mrudishe kwenye chupa ya matofali. Akiandika kwamba mawimbi yalirusha kokoto zikagonga nyufa, afu mawimbi hayohayo yakaburuta vipande mpaka ufuo wa pembeni ukawa mchanga, mpe maksi zote hata kama hajui hata jina moja la kitaalamu.